Barua kwa Mwanangu Aliyeona Ua Lisilo na Jina

Lushoto, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika pamoja na picha, nami nimeitazama kwa miwani na bila miwani, kisha nikamwomba mdogo wako aikuze kwenye simu yake. Ninaona tawi lililofunikwa na zulia la kijani lenye unyevu, jani moja nene kama ulimi wa paka, na juu ya jani hilo ua la manjano lenye mistari ya rangi ya damu ya mzee, dogo kuliko punje ya mchele. Unasema mmelipata kwenye mgongo wa mlima juu ya mji wa Baños, Ekwado, na kwamba mzee anayewaongoza njia ameliona tangu alipokuwa mtoto akichunga ng'ombe, lakini profesa wenu alishindwa kulitaja, akasema huenda ni spishi mpya ya okidi na kwamba kulithibitisha kutachukua miaka. Ndipo ukaniuliza: «Mama, sisi hapo tumegundua nini? Na kwa nini miaka, wakati ua lenyewe hili hapa?»

Nitaanza na swali la pili, maana ndilo lililonilipa mshahara kwa miaka 26 ya kubandika mimea iliyokaushwa.

Ua kuwa jipya hakuonekani kwenye ua. Unaweza kulikodolea macho mchana kutwa lisikuambie lolote, kwa sababu neno «jipya» maana yake ni kwamba halifanani na lingine lolote lililokwisha kuandikwa, na hayo mengine hayako mlimani bali yamo makabatini, yamekaushwa, yamebandikwa kwenye karatasi na kutawanyika katika hebaria, yaani hifadhi za mimea mikavu, za Quito, Kew, Missouri na kwingineko. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa mmea kutoka msituni hapa Usambara, tukaufungua mezani na kukubaliana wote kwamba hakuna aliyepata kuuona. Kwa wiki mbili nilitembea kichwa juu. Kisha akaja mgeni mmoja, mwanamke mpole asiyesema sana, akaomba jalada la jenasi nyingine kabisa, yaani la kundi jingine la spishi za ukoo mmoja, akachomoa karatasi kuukuu yenye wino uliofifia na kuiweka kando ya yetu bila neno. Mmea ulikuwa uleule. Karatasi ile ilikaa mahali pasipo pake kwa miaka mingi, na mwandiko wa penseli uliokuwa juu ya jalada lile ulikuwa wangu.

Kwa hiyo usimwone profesa wako kuwa mzito. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010 ulipima muda unaopita tangu mmea kuchumwa hadi kutangazwa kuwa spishi mpya, ukakuta kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi ndizo zilizotangazwa ndani ya miaka 5, na kwamba karibu robo zilitokana na vielelezo vilivyokuwa vimekaa zaidi ya miaka 50. Watafiti hao walikadiria kwamba zimebaki spishi kama 70,000 za mimea ya maua ambazo hazijaandikwa, na zaidi ya nusu yake zimeshachumwa, ziko makabatini zikimsubiri mtu wa kuzitambua. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu jikoni, maana sisi tuliobandika karatasi tulikuwa tukiijua bila takwimu.

Hata hivyo, mahali ulipo hapafanani na mahali pengi. Ekwado ni nchi ndogo, haifikii hata theluthi ya Tanzania, lakini ina spishi zaidi ya 4,000 za okidi. Hapo juu ya Baños, bonde la mto Pastaza linapanda kutoka upande wa Amazoni, upepo wenye unyevu unapanda nalo na kugonga migongo ya milima, na kila mgongo unapata mvua na ukungu wa namna yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Lou Jost, Mmarekani aliyehamia huko, alianza kukuta okidi za jenasi Teagueia kwenye vilele vya milima hiyo. Hadi wakati huo jenasi hiyo ilijulikana kwa spishi 6 tu duniani kote. Yeye na wenzake wakapata zaidi ya 20 ambazo hazikuwa zimeandikwa, katika eneo ambalo kijana mwenye miguu mizuri anaweza kuliona lote akiwa juu ya kilele kimoja, na nyingi zilizomo mlima huu hazimo mlima ule wa ng'ambo. Kuzitafutia majina rasmi kumekuwa kazi ya miaka mingi.

Jambo hilo lilinitatiza kwa muda mrefu, kwa sababu mbegu ya okidi ni vumbi. Umewahi kupasua tunda la vanila ukaona chembe nyeusi ndani yake? Vanila nayo ni okidi, na hizo chembe ndizo mbegu. Nyingi za jamaa zake ni nyepesi zaidi, upepo ungeweza kuzivusha bonde na bonde, na ungetarajia zienee kila mahali. Lakini mbegu hiyo haina akiba ya chakula hata kidogo. Inapotua ni lazima ikutane na kuvu anayeifaa, wa kuilisha hadi iote jani, na baada ya hapo mmea utahitaji unyevu wake na mdudu wake. Kusafiri ni rahisi kwake. Kazi ni kupata mwenyeji.

Hao wadudu nao wana visa vyao. Zipo okidi za jenasi Dracula, jina ambalo kwa Kilatini ni joka dogo, na ambalo Carlyle Luer alilitoa mwaka 1978. Moja kati yake ina sura ya nyani, na watu wengi wameiona kwenye picha. Lakini mdomo wa ua hilo, ile petali moja isiyofanana na nyingine mbili, haukuumbwa kumfurahisha mwanadamu. Umejikunja na kuchorwa mistari kama upande wa chini wa uyoga, unanuka kama uyoga, na nzi wadogo waliozoea kukaa kwenye uyoga huingia humo, wakatoka na chavua mgongoni. Luer mwenyewe alikuwa daktari wa upasuaji kabla ya kuacha hospitali na kushika okidi, akaeleza spishi kwa maelfu na kuzichora kwa mkono wake. Siku zote nimeamini kwamba mkono ule wa kisu ndio uliomsaidia, kwa sababu kueleza ua la ukubwa wa punje ya mchele ni upasuaji mtupu.

Nikueleze ilivyo, ili usije ukaharibu mlichokipata. Ua la okidi ndogo likibanwa kwenye gazeti na kukaushwa hupoteza umbo, linakuwa kama jani la chai lililotumika. Anayeletewa lililokauka hulichemsha kidogo kwenye maji yenye tone la sabuni hadi lilainike, kisha huliweka chini ya hadubini na kulifungua kwa sindano mbili: sepali tatu, petali mbili, mdomo, na ile nguzo ya katikati iliyobeba chavua. Kila kipande hupimwa na kuchorwa. Katika maua hayo tofauti ya spishi na spishi huenda ikawa ni kinundu kimoja kwenye mdomo, na kinundu hicho ndicho kinachokuwa cha kwanza kusagika. Mwaka 2009 Jost aliona mmea mdogo umejificha katika mizizi ya mmea mwingine aliokuwa akiuchunguza. Ua lake lilikuwa na upana wa milimita 2.1, na petali zake zilikuwa na unene wa seli moja, unaona upande wa pili kama kupitia kioo. Jaribu kulibana hilo kwenye gazeti.

Baada ya hapo ndipo huja maandishi. Kielelezo kimoja huteuliwa na kuhifadhiwa katika hebaria inayojulikana, na jina hufungwa kwenye kielelezo hicho milele, ili kila atakayebishana baadaye aende akakitazame. Maelezo huchapishwa, pamoja na neno la kusema mmea huu unatofautianaje na jirani zake. Hadi mwisho wa mwaka 2011 ilikuwa lazima sehemu hiyo iandikwe kwa Kilatini. Sasa Kiingereza kinakubaliwa, na chapisho la mtandaoni lina hadhi sawa na la karatasi. Kilichoachwa bila kuchapishwa hakina jina, hata kama kambi nzima inakiita kwa jina lako.

Usimruhusu mtu yeyote aharakishe hatua hizo. Mwaka 2002 mnunuzi mmoja Mmarekani alikuta kando ya barabara, kaskazini mwa Peru, okidi ya rangi ya zambarau yenye ua kubwa kuliko kiganja. Akainunua, akaisafirisha hadi bustani moja ya mimea huko Florida bila kibali kinachotakiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na wataalamu wa hapo wakaichapisha kwa haraka kwa jina Phragmipedium kovachii. Mtaalamu mwingine alikuwa akiiandaa kwa jina la nchi yenyewe, peruvianum. Alichelewa kwa siku chache tu. Kesi ikafika mahakamani, mnunuzi na bustani wakakiri makosa, lakini jina likabaki, kwa kuwa kanuni za majina huangalia nani alitangulia kuchapisha na si nani alivunja sheria. Wakati huohuo wachumaji walikuwa wameshapanda mlimani na magunia. Ndiyo maana nakuomba uifute ile ramani uliyoniambatanishia, na usimtumie mtu mwingine.

Kuna jina jingine ninalolipenda kwa sababu limekosea. Hukohuko Ekwado, upande wa magharibi wa Andes, kwenye ukingo wa Centinela, msitu ulikatwa karibu wote kupisha mashamba. Mwaka 2000 wataalamu walieleza ua la rangi ya machungwa, lenye kitumbo kilichovimba chini, kutokana na vielelezo vya zamani, na kwa kuamini kwamba msitu wake umekwisha wakaliita Gasteranthus extinctus, yaani lililotoweka. Mwaka 2021 wenzao wakalikuta likiwa hai, limechanua kwenye vipande vya msitu vilivyosalia. Jina haliwezi kubadilishwa, maana kanuni haziruhusu jina kukataliwa kwa sababu tu halifai. Limeishi nalo. Ua hilo, ukitaka kujua, ni la familia moja na urujuani wetu wa Usambara, ule ninaoupanda kwenye makopo ya maziwa barazani.

Sasa lile swali lako la kwanza. Hamjagundua kitu, mwanangu, na sijawahi kulipenda neno hilo. Mzee huyo amelijua ua miaka hamsini. Anajua liko kwenye mti gani na huchanua baada ya mvua ipi, mambo ambayo hadubini haiyaoni. Mnachofanya ninyi ni kuliandikisha, kama mtoto anavyoandikishwa cheti baada ya nyumba nzima kuwa imeshamzoea. Basi muulize anavyoliita, na kama halina jina kwao andika hivyo pia. Andika aina ya mti, urefu kutoka ardhini, rangi ya ua likiwa bichi, kwa sababu rangi itapotea, na penye nafasi ya mkusanyaji weka jina lake yeye kabla ya lako.

Chupa ya spiriti uliyosema mnayo inatosha kwa maua mawili au matatu. Mengine yaacheni mtini yazae. Na lebo iandike kwa penseli na uitumbukize humohumo ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.

Mama yako