Kabla Hujampelekea Ombudsman Malalamiko Yako Dhidi ya Kaunsili

Wengi wanaoniletea barua za kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lao, hapa England huja na hasira kwanza, karatasi baadaye, na wengine karatasi hawana kabisa. Wanatafuta mkubwa wa kuwasemea: yule afisa wa nyumba aliyewajibu ovyo aonywe, ikiwezekana afukuzwe. Mkubwa wa namna hiyo hayupo. Iliyopo ni ofisi inayochunguza malalamiko dhidi ya kaunsili bila kuwa sehemu ya kaunsili yoyote, wala haitozi hata senti. Nimeitumia kwa ajili ya familia yangu, na nimewasaidia wengine kuiandikia. Jina lake ni Local Government and Social Care Ombudsman. Mizizi yake ni sheria ya mwaka 1974, na mipaka yake ni England tu. Walioko Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wana ofisi zao.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya kizungu, Tanzania ilikuwa na ofisi ya namna hii, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, tangu mwaka 1966, mwaka mmoja kabla Bunge la Uingereza halijapitisha sheria ya Ombudsman wake wa kwanza. Wakenya nao wanaijua kaulimbiu ya tume yao ya namna hiyo: Hata Mnyonge ana Haki.

Kabla hujaandika chochote, elewa mchunguzi anatafuta nini. Hapimi ukubwa wa maumivu yako. Anaangalia kama kaunsili ilikosea katika utendaji wake: ilichelewa, ilipuuza sheria, ilikiuka utaratibu iliojiwekea yenyewe, ilikupa maelezo yasiyo sahihi, au ilikaa kimya. Kisha anauliza kosa hilo lilikuletea madhara gani. Vyote viwili lazima viwepo. Kaunsili ikikunyima kitu baada ya kufuata taratibu zote sawasawa, Ombudsman hataugeuza uamuzi huo eti kwa sababu wewe na mimi tunaona tumeonewa.

Mama mkwe wangu ana magoti mabovu, hawezi kuyasukuma mapipa ya taka hadi barabarani. Kaunsili yake ilikubali kwamba wazoaji wayafuate mlangoni na kuyarudisha, huduma wanayopewa wazee na watu wenye ulemavu. Kwenye kompyuta huduma ilikuwepo, mlangoni haikufika. Wiki hii wanakuja, wiki ijayo wanapita kama hawaoni. Tukipiga simu tunaombwa radhi na kuahidiwa. Ukimsikiliza Mama, shida ilikuwa dharau: "Wananiona mimi ni kizee tu." Ukiisoma barua tuliyoipeleka, neno dharau halimo. Tuliorodhesha tarehe za mapipa yaliyoachwa, namba ya kumbukumbu ya kila taarifa tuliyotoa, picha za mapipa yakiwa bado mlangoni jioni ya siku ya kuzolewa, na barua ya kaunsili yenyewe ikithibitisha kwamba Mama anastahili huduma hiyo. Mchunguzi akakuta kosa. Kaunsili iliomba radhi kwa maandishi, ikatoa kiasi kidogo cha fedha, na msimamizi akatakiwa kuwafuatilia wazoaji kwa muda. Mama alisema fedha hizo hazinunui hata zulia. Ni kweli, lakini mapipa sasa yanachukuliwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na malalamiko pia ni mali. Ukimaliza kuongea na afisa kwa simu, mtumie barua pepe fupi papo hapo: leo saa nne asubuhi tumeongea, umeniambia hivi na hivi, nisahihishe kama nimekosea. Asipojibu, barua hiyo inabaki kuwa ushahidi. Tena una haki ya kuiomba kaunsili nakala za taarifa zako inazozihifadhi, bure, na kwa kawaida wanatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Nimewahi kuona humo maelezo ya simu ambayo kaunsili ilikuwa imeshadai haikupigwa.

Kuna jambo linalowaangusha watu wengi: kuripoti tatizo si kulalamika. Unaweza kuripoti pipa mwaka mzima na Ombudsman akakurudisha, kwa sababu kaunsili haijapewa nafasi ya kuyajibu malalamiko yenyewe. Andika wazi kwenye kichwa cha barua kwamba haya ni malalamiko rasmi. Kaunsili nyingi zina hatua mbili. Mwongozo uliotolewa na Ombudsman mwaka 2024 unataka jibu la hatua ya kwanza ndani ya siku 10 za kazi tangu malalamiko yapokewe rasmi, na la hatua ya pili ndani ya siku 20. Wakikuzungusha hadi zikapita kama wiki 12, unaweza kwenda kwa Ombudsman bila jibu la mwisho. Lakini usilale, kwani kwa kawaida anapokea mambo uliyoyajua ndani ya miezi 12 iliyopita, na ukichelewa lazima uwe na sababu nzito.

Halafu kuna barua zetu. Sisi tumelelewa kwamba barua huanza na salamu, hufuata historia, na shida yenyewe hutajwa mwishoni kwa adabu. Mchunguzi akiisoma barua hiyo atafika ukurasa wa tatu hajui unalalamikia nini. Kwa hiyo anza na shida: kaunsili ilifanya nini au haikufanya nini, lini, ilipaswa kufanya nini, umeumia vipi, unataka nini kirekebishwe. Hilo la mwisho wengi hulisahau, au huandika "nataka haki". Sema unataka deni lifutwe, kesi iangaliwe upya, au mtoto apewe masomo aliyoyakosa. Ofisi hiyo huchapisha maamuzi yake mtandaoni bila majina ya wananchi. Tafuta yanayofanana na suala lako, soma mawili matatu, na utajua wachunguzi wanapima nini kuliko nitakavyokueleza mimi.

Si kila ugomvi na kaunsili ni wa Ombudsman huyu. Faini ya maegesho ina baraza lake la rufaa. Kunyimwa kibali cha ujenzi kuna njia yake. Kama kaunsili ndiyo mwenye nyumba wako na ukuta una ukungu, nenda Housing Ombudsman, ofisi nyingine kabisa. Na ndugu zangu mnaofanya kazi za kulea wazee, ugomvi wako na mwajiri kuhusu zamu hauchunguzwi hapa; ila mzee unayemlea, au familia yake, wanaweza kulalamikia huduma hata kama nyumba ya wazee ni ya binafsi na wanajilipia wenyewe.

Kwa watu wetu naona mambo mawili yanayostahili kupiganiwa, na hayapiganiwi. La kwanza ni familia zenye watoto zilizowekwa kwenye hoteli baada ya kukosa makazi. Tangu mwaka 2004 sheria inasema malazi ya hoteli yenye jiko au choo cha kushirikiana na wengine yasizidi wiki sita, hata kama kaunsili haina nyumba. Zikizidi, hilo ni kosa, na Ombudsman amewahi kuzitaka kaunsili zilipe kwa kila kipindi kilichozidi. La pili ni watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu. Mpango rasmi unaoeleza msaada atakaopewa mtoto katika masomo (EHC plan) unatakiwa ukamilike ndani ya wiki 20 tangu uombwe. Ukichelewa, Ombudsman anahusika. Usiporidhika na kilichoandikwa ndani ya mpango, hapo ni baraza la rufaa. Mtoto aliyekosa masomo kwa kosa la kaunsili, mwongozo wa fidia wa ofisi hiyo unataja kati ya pauni 900 na 2,400 kwa kila muhula.

Najua woga uliopo. Watu wanaogopa kwamba wakilalamika watanyang'anywa hata kile kidogo walichopewa, au jina litafika uhamiaji. Ombudsman si ofisi ya uhamiaji. Kama Kiingereza kinakupa shida, waeleze mapema unahitaji mkalimani, au mpe idhini ya maandishi mtu unayemwamini akusemee. Asiwe mtoto wako wa shule. Nimeona watoto wakitafsiri barua za kufukuzwa nyumba, na sitaki kuona tena.

Mchunguzi akimaliza, atakutumia rasimu ya uamuzi. Wengi huisoma, wakahuzunika au wakafurahi, wakaiweka kabatini. Hiyo ndiyo nafasi yako. Kama tarehe imekosewa au ushahidi wako umerukwa, jibu ndani ya muda uliopewa na uonyeshe ukurasa. Uamuzi ukishakuwa wa mwisho, kuupinga ni kazi ngumu. Ofisi hii haina nguvu ya mahakama, inapendekeza tu, ila kaunsili karibu zote hutekeleza, maana inayokataa inaweza kutolewa ripoti hadharani na madiwani wakalazimika kuijadili.

Mapendekezo huja na tarehe ya mwisho. Iandike kwenye kalenda ya simu yako, na ikipita bila kitu kufanyika, usianze kuibembeleza kaunsili upya. Mwandikie Ombudsman, ukitaja namba ya kesi na lipi halijatekelezwa.