Kabla hujanunua rivolva ya kuwindia kulungu, soma yaliyonipata Ohio

Jumapili iliyopita nilikuwa nakunywa chai Kirumba, simu ikaita ujumbe. Kijana wa Nyakato. "Kaka, shikamoo. Bahati nasibu ya grinikadi ya Marekani imetiki, mimi na mke wangu tunaondoka mwezi wa tisa, tunafikia Ohio. Nasikia uliishi kule na uliwinda kwa bastola. Na mimi nataka. Ninunue ya mtutu wa inchi ngapi? Naipenda ile ya kumi na nusu, ila rafiki yangu anasema inchi mbili zinatosha, inakaa kiunoni bila shida."

Nilimjibu mistari mitatu nikaondoka. Usiku usingizi ukanikataa. Swali hilohilo niliwahi kuuliza mimi mbele ya kaunta ya duka la silaha Columbus, nikajibiwa ovyo, na aliyelipia jibu lile alikuwa mnyama. Kwa hiyo mdogo wangu, hili hapa ndilo jibu kamili, na wengine mnaoniuliza habari za kuwinda mlisome pia.

Kwanza ya rafiki yako tuyamalize. Kumwinda kulungu kwa bastola ya inchi mbili ni kosa la jinai. Ohio inataka bastola ya kuwindia kulungu iwe na mtutu usiopungua inchi 5, na itumie risasi ya ganda lililonyooka, yenye kipenyo cha kuanzia inchi .357 kwenda juu. Utasoma kwanza kozi ya wawindaji, utakata leseni, utakata na kibali cha kulungu. Msimu wa bunduki unafunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu yao ya Shukrani, na humo porini unavaa fulana ya rangi ya chungwa, lazima. Wewe una grinikadi, kwa hiyo duka litakuuzia ukishapita ukaguzi. Mwenye viza ya muda sheria yao inamzuia kumiliki silaha, isipokuwa kwa masharti maalumu, asijaribu kwa kuiga. Na haya yote ni ya kule. Huku nyumbani mnyamapori haguswi bila leseni na kibali, na mimi tangu nirudi Mwanza sijashika hata gobole.

Halafu neno lenyewe. Nasema kulungu kwa sababu kamusi zinasema hivyo, lakini usitegemee kumwona huyu wetu mwenye pembe za kujisokota anayejificha vichakani. Wa kule ana mkia mweupe anaousimamisha kama bendera akishtuka, dume lake lina pembe za matawi, na pembe hizo huanguka kila mwaka zikaota upya. Mwili wake unazidi wa kulungu wetu. Moyo na mapafu yake, pale unapotakiwa kupiga, ni eneo la kama sentimita 20 kwa upana. Sahani ndogo ya chakula. Hiyo sahani uikumbuke.

Sasa yaliyonipata.

Nilikuwa nafanya kazi ya usiku ghalani. Mwenzangu mmoja akanikaribisha kwenye shamba la baba yake, kusini-mashariki mwa Ohio, nchi ya vilima na mialoni. Nikaenda dukani. Muuzaji akanitazama, akanitolea rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya .44 Magnum yenye mtutu wa inchi 5, akasema, sheria inataka tano, hii ni tano, nyepesi, utaipenda. Sikumwuliza zaidi. Nilitaka kuonekana mtu anayejua. Nikalipa.

Kichwa cha risasi ile kina grain 240, karibu gramu 15 na nusu. Ukiifyatua kutoka mtutu mfupi, moto unatoka mbele ya uso wako, kishindo kinakupiga kifuani, mdomo wa mtutu unaruka juu. Nilipiga risasi 30 tu uwanjani, tena bila kuziba masikio vizuri, na sikio la kushoto linalia mpaka leo. Kwenye risasi ya kumi macho yalishaanza kufumba kabla ya nyundo kuanguka. Nikajiambia porini itakuwa tofauti. Mkono wangu nilikuwa nimeshaufundisha woga, na mkono ukishajifunza kitu hausubiri ruhusa yako.

Jike alitoka kwenye bonde asubuhi ya kwanza, baridi kali, hatua 60 hivi. Nikakoki. Nikafyatua. Akajikunja mgongo, akaondoka kwa mwendo wa polepole kama mtu anayeumwa tumbo.

Mzee mwenye shamba alikuja na kutazama chini. Akaokota jani moja kavu la mwaloni. Damu iliyokuwa juu yake ilikuwa nyeusi, na ndani ya damu kulikuwa na chembe za kijani, majani yaliyokwisha kutafunwa. Hakusema kitu. Alinipa lile jani mkononi, akanionyesha kwa kidole nilinuse. Nilinusa. Ni harufu ya utumbo, harufu ya machinjio. Risasi ilikuwa imepita tumboni, na mnyama aliyepigwa tumboni huchukua saa nyingi kufa.

Tulisubiri, tukafuata damu mpaka mchana. Mvua ikanyesha. Damu ikaisha kando ya kijito. Hatukumpata.

Babu yangu mzaa mama, wa Magu, alikuwa wa kundi la Banunguli, wale wawindaji wa nungunungu. Wao waliingia shimoni kwa tumbo mpaka mnyama akasikika anavyopumua. Nimekua nikisikia habari hizo jikoni kwa bibi, halafu mimi mjukuu wake nikaacha kiumbe kinaoza hai porini kwa watu kwa sababu niliona aibu kumwuliza muuza duka maswali mawili. Miaka imepita na jambo hili halijaniacha.

Basi, mtutu. Watu hudhani urefu ni kwa ajili ya kasi ya risasi peke yake. Kasi ipo: kutoka inchi 5 mpaka 7 na nusu .44 huongeza kama mita 20 hadi 30 kwa sekunde, maana baruti inapata nafasi ya kuungua ndani ya chuma badala ya kuungua hewani. Lakini kulungu hajui tofauti hiyo. Kinachokuokoa ni umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Kwenye rivolva yangu ya kwanza umbali huo ulikuwa kama sentimita 18. Kilengeo kikiyumba milimita moja tu, kwenye mita 50 risasi inakwenda pembeni sentimita 28. Umeshatoka kwenye sahani, umeingia tumboni. Kwenye mtutu wa 7 na nusu umbali huo ni kama sentimita 24, na kosa lilelile linakupeleka sentimita 21. Bado ni kosa, ila ni dogo zaidi. Ongeza na uzito ulio mbele unaotuliza mruko, na moto uliosogea mbali na uso.

Mbona basi nisikwambie ununue ya 10 na nusu unayoipenda? Kwa sababu utaibeba kutwa nzima vilimani, itakwama kwenye matawi, na ukiisimamisha bila egemeo itakutetemesha mikono. Hiyo ni ya mtu anayekaa mahali pamoja akiwa na darubini na kiegemeo. Wewe anza na 7 na nusu. Sita si mbaya. Usishuke hapo.

Na .357? Ipo tangu 1935, sheria inairuhusu, haina teke kubwa. Ila kichwa chake cha kawaida ni grain 158, kwa hiyo usogee karibu zaidi na uwe na subira zaidi. Mimi nilibaki na .44, nikanunua Ruger Super Blackhawk iliyotumika, mtutu 7 na nusu. Hiyo unakoki nyundo kwa kidole gumba kila risasi. Ukipata ya zamani, kabla ya 1973, acha tundu lililo chini ya nyundo bila risasi, maana ikianguka inaweza kufyatuka yenyewe. Na vidole visikae kamwe kando ya silinda pale inapokutana na mtutu. Pana upenyo pale, gesi ya moto inatoka, inachana nyama.

Nilifanya mazoezi kuanzia Machi. Risasi za .44 Special zinaingia kwenye .44 Magnum na hazina kishindo kikali. Nilizitumia mpaka macho yakaacha kufumba. Kisha nikarudi kwenye sahani za karatasi. Unasimama hatua 15, unapiga sita. Zote zikiingia, unarudi nyuma. Pale moja inapotoka, ndipo mwisho wako, na porini huvuki hapo hata dume lije na pembe kama mti. Mimi niliishia mita 40.

Msimu uliofuata niliwaacha watatu wapite, mmoja wao dume kubwa, kwa sababu walikuwa mbali. Siku ya nne akaja dume la wastani, mita 32, ubavu wazi, mimi nimekaa chini, mikono imeegemea magoti. Alikimbia kama hatua 30 akaanguka, nikiwa bado namwona. Nasema kwa fahari, na sitaficha: ile ndiyo risasi bora niliyowahi kupiga maishani. Nilimpigia mama Magu. Hakuuliza pembe wala kilo. Aliuliza, "Ulimkaribia?"

Vijana, mnyama hakuomba kuwa picha ya kuweka kwenye status. Ukishika kitu kinachoua, aibu ya kuuliza iache nyumbani. Uliza dukani, uliza uwanjani, uliza wazee wa kule, wana utaratibu mzuri na hawachoki kuelekeza. Bastola uliyonunua ili uonekane itakufedhehesha siku ambayo hakuna anayekutazama, na hiyo ndiyo fedheha ninayoibeba mimi.

Mdogo wangu wa Nyakato, safari njema wewe na shemeji. Usinitumie picha ya bastola ukiinunua. Piga sahani kwanza, miezi hiyo yote, halafu uniandikie ni mita ngapi.