Laptopu ya mtumba kwa Linux: GTX 1050 au Radeon?

Mkuu, umeuliza uchukue laptopu ipi ya kutumia Linux, yenye kadi ya picha ya GTX 1050 ya NVIDIA au yenye Radeon ya AMD, maana umesikia NVIDIA nao wamefungua msimbo wa draiva zao (programu zinazoendesha kadi). Ni kweli wamefungua, Mei 2022, karibu miaka kumi tangu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, awatukane hadharani kule Finland. Ila kilichofunguliwa ni sehemu ya kwenye kerneli (kiini cha Linux) tu, tena kuanzia kadi za kizazi cha Turing: GTX 16, RTX 20 na kuendelea. Hiyo 1050 ni ya kizazi cha nyuma yake, Pascal, haimo. Utabaki na draiva iliyofungwa, na siku kerneli ikipanda toleo unaweza kuwasha mashine ukakutana na kioo cheusi.

Mimi ningechukua Radeon. Draiva yake, amdgpu, imo ndani ya kerneli tangu 2015, huna cha kupakua.

Kabla hujatoa hela, nenda dukani na flashi yenye Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), washa laptopu kwa hiyo flashi hapo hapo bila kuinstoli, fungua terminali, andika lspci -k. Chini ya jina la kadi ukiona amdgpu, anza kupatana bei. Na Wi-Fi ijaribu pia. Hiyo ndiyo iliyonitesa mimi kuliko kadi ya picha.