Joto la moshi wa jikoni kupasha maji ya kuoshea vyombo

Ndugu, umeuliza kama moshi wa jiko la mgahawa wako Kariakoo unaweza kupasha maji ya kuoshea vyombo. Unaweza, ila kikwazo kikubwa ni mafuta. Ukifunga koili (bomba la maji lililokunjwakunjwa) yenye mapezi (vibati vyembamba vya kunasa joto) yaliyobanana ndani ya dakti (njia ya kutolea moshi), mafuta yataganda juu yake, feni italemewa na moshi utarudi jikoni. Mbaya zaidi, mafuta hayo yakishika moto, dakti nzima inawaka. Kwa hiyo koili ikae baada ya vichujio vya mafuta, mapezi yaachane walau milimita 4, na uweke mlango wa kusafishia pamoja na njia ya pembeni ya kupitishia moshi bila kugusa koili. Maji yapite ndani ya koili kwanza, ndipo yaingie kwenye hita iliyowekwa nyuzi 60. Lita 1,000 zikipanda kutoka nyuzi 27 hadi 42, umeokoa takriban yuniti 17 za umeme.

Lakini kama una chumba cha baridi, anza huko. Fundi wa friji aweke kibadilisha joto chenye kuta mbili (kifaa kinachohamishia joto la gesi ya friji kwenye maji bila kuvichanganya) kati ya kompresa (pampu inayobana gesi) na kondensa (sehemu inayoipoza). Gesi ya pale ni ya moto zaidi, haichafuliwi na mafuta ya kukaangia, na kwa joto la Dar kompresa hufanya kazi karibu mchana kutwa.