Swali la lugha: Shule ya chata ni ya serikali, ya umma au binafsi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri taarifa za wazazi hapa jimbo la Washington, Marekani, na wengi wanaozisoma ni ndugu zetu kutoka Kongo, wachache Kenya na Tanzania. Nimeandika hivi: “Shule za serikali za mkataba hufadhiliwa na dola kupitia bahati nasibu, na wanafunzi huchaguliwa kwa bahati nasibu.” Mwenzangu anasema shule hizo si za serikali, mwingine anasema ni binafsi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako wa kwanza yuko sahihi, wa pili amekosea, na sentensi yako ina mitego minne. Shule hizo kwa Kiingereza ni “charter schools”, nami nitaziita shule za chata: hulipiwa na umma, lakini haziendeshwi na serikali. Jimbo ulilopo ndilo lililopelekana mahakamani kwa sababu ya maana ya neno, kwa hiyo tuanzie hapo.

Novemba 2012 wapiga kura wa Washington walipitisha pendekezo namba 1240, lililoruhusu hadi shule 40 za chata. Pendekezo liliziita shule za umma na kuziweka katika kundi la shule ambazo katiba ya jimbo inaziita “common schools” na imezitengea mfuko wake. Septemba 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa. Ilirejea tafsiri yake ya mwaka 1909: shule ya kundi hilo lazima iwe chini ya wapiga kura wa wilaya yake, wanaoweza kuwaweka na kuwaondoa wasimamizi. Bodi ya shule ya chata huteuliwa, haipigiwi kura. Basi fedha za mfuko ule haziihusu. Mwaka 2016 bunge la jimbo likatunga sheria mpya. Shule zilibaki ni za umma, ila zikahamishiwa mfuko mwingine, unaopokea mapato ya bahati nasibu ya jimbo. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ikaikubali sheria hiyo kwa sehemu kubwa.

Neno lililoleta kesi ni hilo “common”, na kamusi itakupa “kawaida”. Usilitumie. Ukiandika “mahakama imesema shule za chata si shule za kawaida”, msomaji atajibu: hilo nalijua. Maana ya kikatiba ni shule ya watu wote wa eneo, walio na sauti juu yake kwa kura. Kwa mzazi andika hivyo: “shule zilizo chini ya bodi inayochaguliwa na wapiga kura wa wilaya ya shule”. Ni ndefu, lakini inasema kitu. Na usiache “wilaya” peke yake, maana Mtanzania atamfikiria mkuu wa wilaya, ambaye huteuliwa na hapigiwi kura na mtu.

Sasa mtego wa kwanza: “serikali” na “umma”. Mtaani Tanzania shule ya serikali ndiyo shule ya umma, hatuna sababu ya kuzitenga. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 imetanua kidogo: shule ya umma ni ile iliyoanzishwa, inayomilikiwa au inayoendeshwa na serikali, pamoja na zile zenye mdhamini, mara nyingi kanisa. Kwa hiyo hata kwetu “umma” ni pana kuliko “serikali”. Shule ya chata hulipiwa na umma, hupokea mtoto yeyote na haitozi ada, lakini anayeiendesha si serikali. Iite shule ya umma. “Shule ya serikali” itamfanya mzazi mwenye malalamiko aende kugonga mlango wa wilaya, aambiwe hapa sipo.

Mtego wa pili ni “mkataba”, na hapa ndipo ningekaa zaidi. Kisheria umelenga: shule hizo kweli hupewa mkataba, wa miaka 5 kwa kuanzia. Tatizo ni sikio la Mkongomani. Rais Mobutu wa Kongo alizitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, na mwaka 1977 serikali ikatia saini makubaliano ya kuwarudishia wenyewe uendeshaji. Tangu hapo shule nyingi za Kongo huitwa kwa Kifaransa “conventionnées”, yaani za mkataba: zinahesabika za umma, walimu hulipwa na serikali, na msimamizi ni Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu au Waislamu. Mama wa Bukavu akisoma “shule ya mkataba” ataelewa mara moja, na ataelewa vibaya: atauliza ni ya kanisa gani. Washington sheria inataka mwendeshaji awe shirika lisilotafuta faida na lisilo la kidini.

Ndiyo maana napendekeza “shule ya umma ya chata”. Najua chata kwetu ni alama, na vijana hupiga chata ukutani. Hakuna atakayedhani shule imechorwa ukutani, na faida yake ni kwamba mzazi atalisikia neno hilohilo getini na kwa karani. Ila “umma” litangulie kila mara, hata ukichoka kuandika. Kwa vyovyote epuka “shule ya kukodi”, inayotoka kwa mtu aliyelizoea neno “charter” kwenye ndege na mabasi.

Mtego wa tatu: “kufadhili” lina fadhila ndani yake. Mfadhili akichoka anaondoka, wala humdai. Katiba ya Washington inasema elimu ya watoto wote ni jukumu kuu la jimbo, na mwaka 2015 mahakama ililitoza jimbo faini ya dola 100,000 kwa siku kwa kuchelewa kuleta mpango wa kulitimiza. Hiyo si fadhila. Andika “kugharamia”, au “gharama hulipwa na jimbo”. “Ruzuku” linafaa tu kwa kiasi kinachohesabiwa kwa kichwa, kama zile shilingi 10,000 kwa mwaka za mwanafunzi wa msingi Tanzania. “Dola” nalo liache kabisa katika taarifa ya fedha: msomaji hatajua kama ni utawala au noti. “Jimbo la Washington” linatosha, japo Mkongomani ataliona ni kama mkoa wake.

Mwisho, bahati nasibu zako mbili. Ya kwanza ni mchezo wa kamari unaoingiza fedha, na hiyo haibadiliki. Ya pili ni njia ya kugawa nafasi pale walioomba wanapozidi viti, na hiyo iite “kura”: majina huchotwa. Ukiacha “bahati nasibu” pote, mzazi Mwislamu au mlokole anaweza kukataa kujaza fomu akidhani anamchezesha mtoto kamari.

Sentensi yako ningeiandika hivi:

“Shule ya umma ya chata haitozi ada. Gharama zake hulipwa na jimbo, si kwa tozo za wilaya ya shule. Huendeshwa na shirika lisilotafuta faida na lisilo la kidini, chini ya mkataba wa miaka 5. Walioomba wakizidi nafasi, majina huchotwa kwa kura.”

“Ada” Mkenya ataielewa hata kama yeye husema karo. Wakongomani waongezee “minervali”. Na ukifika kwenye shule za kulipia, Tanzania husema “shule binafsi” bila “za” katikati, Kenya “shule za kibinafsi”. Chagua moja uishikilie taarifa nzima. “Shule za binafsi” naiona kila wiki, na kila wiki naisahihisha.