Kwaya Haina Likizo ya Uzazi

Mimi ni mwalimu wa kwaya kanisani. Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku 36 nilipoingia studio kurekodi. Sijaisahau hesabu hiyo kwa sababu mshono wangu nao ulikuwa na siku hizohizo 36. Chumba kidogo, kuta zimezibwa kwa magodoro, feni imezimwa kwa kuwa mlio wake unaingia kwenye maiki, na nje ni Februari ya Dar es Salaam. Wimbo ulikuwa wangu mwenyewe, niliutunga mimba ikiwa ya miezi minne, na ubeti wake wa pili unapanda mahali ambapo sauti ya kwanza, wale wa juu kabisa, wengi hujifanya wanakohoa. Mama mkwe alikaa na mtoto kibarazani. Nilipofika pale pa kupanda nikamsikia mtoto analia. Nilikuwa nimevaa hedifoni na mlango umefungwa, kwa hiyo hadi leo sijui kama kweli nilimsikia. Maziwa yalimsikia. Gauni likalowa hadi kiunoni. Prodyuza, kijana mpole asiye na habari yoyote, akasema: "Mwalimu, hapo mwisho pumzi imekatika. Turudie."

Tulirudia mara kumi na moja. Usiku ule homa ikapanda, titi la kushoto likawa jekundu na gumu kama embe bichi, na asubuhi nikawa kwenye benchi la zahanati. Nesi akanieleza nisiache kunyonyesha, kwamba titi likikaa limejaa ndipo hali inazidi. Akaniuliza jana nilikuwa wapi siku nzima. Nikamwambia nilikuwa kwenye huduma. Akaniangalia kidogo, akaendelea kuandika.

Hakuna aliyenilazimisha. Mwenyekiti wa kwaya aliuliza tu, "Mwalimu, utaweza?" nami nikajibu, "Mungu atatia nguvu." Ukishajibu hivyo kanisani, nani wa kukubishia? Hata mama mzazi aliyekuwa amebeba ndizi za mtori toka Moshi kuja kunilea alinyamaza.

Mimi ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku zisizopungua tatu. Mwajiri wangu alinipa zote, na ofisini hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kuniuliza faili liko wapi. Kwaya ndiyo iliyopiga. Wimbo upi Jumapili, ufunguo upi wa kuimbia, nani aanze, sare zimefika kwa fundi au bado. Likizo niliyopewa nilee niliigawia kwaya, na nilipohesabu mwishoni nikakuta nimekaa nyumbani kweli wiki tatu na ushei.

Mimba ya pili ilipoingia, nilikaa na Biblia nikitafuta mtu wa kunielewa, nikampata Hana. Tunamhubiri sana Hana wa kuomba mtoto na Hana wa kumtoa mtoto hekaluni. Wa katikati tunampita. Katika 1 Samweli 1, Elkana anapanda Shilo na nyumba yake yote kama kila mwaka, na Hana anakataa kwenda. Anasema atangoja mpaka mtoto aachishwe kunyonya. Mumewe anamwambia afanye analoona jema. Huyu ni mwanamke aliyeweka nadhiri mbele za Mungu, na bado alikaa nyumbani akanyonyesha. Wimbo wake mkubwa, ule wa sura ya pili, unakuja baada ya hapo.

Halafu kuna 1 Mambo ya Nyakati 25, sura ambayo kila kwaya inapaswa kusomewa siku ya uchaguzi wa viongozi. Waimbaji wa Daudi walikuwa 288. Wakapigiwa kura, mkubwa kwa mdogo, mwalimu kwa mwanafunzi, wakagawanywa zamu 24 za watu kumi na wawili. Hekalu lenyewe liliimbiwa kwa zamu. Sisi wenye waimbaji 32, tukiwa na bahati, tunataka wote wawepo Jumatano, Ijumaa, Jumamosi na ibada zote mbili za Jumapili.

Kwa hiyo mimba ikiwa na miezi mitano nikaenda kwenye kamati na tarehe mbili: ya kuacha kusimama mbele na ya kuanza kufikiria kurudi. Nasema kufikiria. Usiahidi siku ya kurudi kabla hujamwona mtoto, maana hujui utajifungua vipi. Ukitaja "miezi mitatu" itaandikwa kwenye muhtasari, na siku ya tisini utaulizwa.

Nilikabidhi kwa watu wawili. Mmoja anasoma nota vizuri lakini ni mpole kupita kiasi, besi wangemkalia. Mwingine nota zinampiga chenga, ila akisimama mbele watu wananyamaza. Wakiwa wawili wanatosha. Mwalimu wa kwaya anayejifungua bila kuacha mtu aliyemwandaa atapigiwa simu akiwa wodini. Nilipigiwa, kwa mtoto wa kwanza, na nilipokea.

Kisha nikarekodi sauti zote kwa simu, wimbo kwa wimbo, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja peke yake, nikazitupia kwenye kundi la WhatsApp. Nyimbo kumi na nne. Nilianza na za mazishi, kwa sababu Pasaka unaijua tarehe yake lakini msiba haukupi taarifa, na kwaya ikifika msibani bila kujua nani anaanzisha ni aibu inayosemwa mwaka mzima. Sauti ya nne, ile nzito ya besi, niliiimba oktavu juu, yaani noti nane juu, wanaume wakacheka, wakaishika. Baada ya hapo nikabaki kwenye kundi lakini nikazima mlio.

Mambo mawili madogo. Ongea na mhazini mapema kuhusu michango, la sivyo utadaiwa sare ya tamasha ambalo hutakwenda. Na kama sare inashonwa ukiwa mjamzito, mwambie fundi aweke zipu mbele. Gauni la zipu ya mgongoni na mtoto anayelia katikati ya mahubiri, nimeshuhudia dada mmoja akivuliwa nusu na wenzake watatu nyuma ya pazia la madhabahu.

Sasa sauti, maana hapa ndipo waimbaji wengi wanapodhani wamepoteza kipawa. Mimba inapokua inakisukuma juu kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na mwimbaji anazoea kuimba kwa pumzi fupi. Akijifungua nafasi inarudi, lakini misuli ya tumbo inayoishika pumzi imetanuka miezi tisa, na aliyepasuliwa ana mshono juu yake. Unavuta pumzi vizuri, unaishiwa katikati ya mstari. Huo si upako ulioondoka. Ni tumbo.

Na nitasema ambalo halisemwi kwenye kwaya: nilipojaribu noti ya juu wiki ya saba ya mtoto wa kwanza, mkojo kidogo ulitoka. Nililia. Baadaye nikagundua karibu wamama wote wa safu ya mbele wanajua habari hiyo na kila mmoja amekaa nayo peke yake. Misuli ya chini ya nyonga, ile unayoibana ukizuia mkojo, inafanyiwa mazoezi ukiwa umekaa tu unanyonyesha, bana na kuachia, kila siku. Ikiendelea miezi inapita, nenda hospitali ukaseme. Inatibika.

Safari ya pili nilingoja kliniki ya wiki ya sita kwanza. Nikaanza kwa kuvumisha mdomo ukiwa umefungwa, dakika tano, mtoto akiwa kifuani. Kisha ule mtetemo wa midomo kama mtoto anayeendesha gari la kopo. Hakuna noti ya juu hata moja kwa mwezi mzima. Na maji: anayenyonyesha hukauka koo haraka, nikawa naweka chupa kila ninapokaa. Mtoto, kwa taarifa yenu, alikuwa analala vizuri zaidi kwa sauti ya pili ya wimbo wa mazishi. Mama mkwe hakupenda, akasema ni mkosi. Tukabadilisha maneno.

Kumpeleka mtoto kanisani ni furaha, ila angalia spika. Kikomo cha ukali wa sauti ambacho wataalamu wanamwekea mtu mzima kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unapungua nusu. Siku moja nilifungua programu ya kupima sauti kwenye simu nikiwa benchi la tatu wakati wa sifa, ikaandika 97. Kwa hesabu hiyo mtu mzima ana nusu saa, na pale palikuwa na vichanga wanne, mmoja amelazwa chini ya spika yenyewe kwa sababu ndiko kuna upepo wa feni. Pamba masikioni haitoshi. Vipo vizuia sauti vya watoto vinavyofunika sikio lote. Kama huna, kaa nyuma au toka chini ya mti mpaka mahubiri yaanze. Mkesha sikumpeleka kabisa. Mbu, baridi ya alfajiri na spika kwa mtoto wa miezi miwili sikuona hoja yake, hata mama mchungaji aliponiambia watoto wake wote walikulia kwenye mikesha.

Kilichotutesa zaidi ya vyote hivyo kilikuwa kinanda. Mume wangu ndiye mpigaji. Kwa mtoto wa kwanza alichukua siku zake tatu, siku ya nne akawa mazoezini. Akirudi saa nne usiku anapiga mluzi wimbo mpya, mimi nimekaa gizani na mtoto begani tangu magharibi, na kinachoniuma si uchovu. Kinachoniuma ni kwamba wimbo siujui. Tuligombana kwa ajili ya mluzi. Yeye alidhani nimechoka kulea, na mimi sikuwa na maneno ya kumwambia namwonea wivu kwa sababu ya Mungu, maana nani anasema hivyo?

Nilimwambia baada ya mwaka. Mtoto wa pili alipokuja, Jumatano ikawa siku yake ya kukaa na mtoto. Mimi sikuwa naenda mazoezini siku hiyo, nilikuwa nalala. Kwaya ikafanya mazoezi ya Jumatano bila kinanda, kwa kupigiwa makofi na nota ubaoni, na ikagundulika sauti ya tatu walikuwa wamejificha nyuma ya kinanda miaka. Maneno yalisemwa, bila shaka. Mama akikosa mazoezi anaombewa. Baba akikosa ili abadilishe nepi, wanasema mwalimu amemkalia mumewe. Mwenyekiti alimwita pembeni, akamwuliza kiume kama nyumbani kuna amani. Akajibu, "Mzee, ipo sasa."

Maziwa nilikuwa nakamua kwa mkono kwenye kikombe safi chenye mfuniko. Nje ya friji yanakaa saa nne, na kwa joto la Dar mimi sikuyafikisha huko. Kwenye friji ni siku nne. Mtoto alilishwa kwa kikombe kidogo, kama tulivyoelekezwa kliniki, na baba yake alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Vidole vya kinanda, alisema mwenyewe.

Mtoto alipotimiza miezi sita na kuonja uji, nilirudi. Jumapili tu, ibada ya pili, hakuna mazoezi ya usiku. Sikurudi mbele. Nilisimama safu ya nyuma upande wa mlango, sauti ya pili, ambayo sijawahi kuiimba kanisani maisha yangu yote, na dada akiwa nje na mtoto mahali ninapoweza kumwona. Wimbo wa kwanza waliopanga ulikuwa wangu, uleule wa studio. Yule mpole wa nota ndiye aliyekuwa mbele. Aliinua mikono, akanitafuta kwa macho kama anaomba ruhusa, nami nikaangalia karatasi yangu. Akauanzisha taratibu kuliko ninavyoupenda, taratibu sana, na kabla ya ubeti wa pili akaushusha ufunguo mmoja chini.

Sauti ya kwanza wote walifika juu. Hakuna aliyekohoa.