Mazoezi ya ngumi na mateke nyumbani: yanapunguza uzito, ila soma hili kabla hujaanza

Mdogo wangu wa Igoma, umeuliza kama hizi programu za ngumi na mateke za kwenye simu zinapunguza uzito kweli, wewe ukiwa na mtoto wa miezi saba anayenyonya, chumba kimoja cha kupanga, na hela ya jimu huna. Zinapunguza. Mimi nimetoka kilo 86 hadi 74 nikiwa hapa hapa Kitangiri, Mwanza, na jimu sijakanyaga. Ila nikikuachia jibu hilo peke yake sitakuwa nimekutendea haki, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza ujue unaingia kwenye nini. Hii si karate wala ndondi, ni mazoezi ya viungo yaliyoazima mapigo ya huko na kuyapanga kwenye muziki. Aliyeyavumisha miaka ya 1990 ni Mmarekani Billy Blanks na Tae Bo yake, akichanganya taekwondo na ndondi. Baadaye ikaja BodyCombat ya kampuni ya Les Mills, kutoka New Zealand. Nyingi unazoziona YouTube leo zinafuata njia hiyo hiyo. Hupigani na mtu, hupigi begi, basi usitegemee yakufundishe kupambana na vibaka. Kazi yake ni kuyapandisha mapigo ya moyo na kuyaweka huko juu kwa muda, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana.

Lakini inaifanya kwa anayepiga sawasawa. Hapa ndipo ninapowaona wengi wanapoteza jasho bure. Ngumi inaanzia mguuni. Kisigino cha nyuma kinageuka, nyonga inafuata, kiuno kinazunguka, mkono ndio unatoka mwisho, kisha unarudi haraka kulinda kidevu. Ukirusha mikono tu, mabega yatakuuma na pumzi itabaki pale pale. Teke nalo, goti linapanda kwanza, ndipo mguu unanyooka. Na kwa kuwa unapiga hewa, hakuna kitu cha kuupokea mguu, usiunyooshe mpaka goti likagonga mwisho. Acha kiwiko na goti vibaki na mkunjo kidogo. Jirani yangu mmoja aliyapenda sana mazoezi haya kuliko hata mimi, akawa anarusha mateke kwa nguvu zote, goti likavimba akaacha kabisa. Iliniuma, kwa sababu alikuwa na moyo wa kufika mbali. Wiki za mwanzo punguza kasi ya video, fuata umbo la pigo, acha mwalimu akuache nyuma.

Sasa wewe una jambo la ziada. Umejifungua. Kabla ya kuruka popote, ukienda kliniki ya mtoto mwambie nesi akukague na wewe. Misuli ya tumbo huachana katikati wakati wa ujauzito, na kwa wengine huchelewa kurudi. Lala chali, inua kichwa kidogo: ukiona tumbo linachomoza katikati kama mgongo wa paa la nyumba, acha kwanza mazoezi ya kuinuka toka chini na ya kujizungusha kwa nguvu. Na kama mkojo unakutoka ukiruka au ukikohoa, usione haya na usikaze roho. Ni misuli ya chini ya nyonga iliyolegea, ina mazoezi yake ya kubana na kuachia, omba uelekezwe. Kwa wakati huo fanya kila kitu bila kuruka, mguu mmoja ubaki chini daima. Jasho litatoka tu.

Kuhusu chumba: ukiweza kunyoosha mkono na mguu pande zote bila kugusa kabati, kinatosha. Sakafu ya saruji ni ngumu, vaa raba, usifanye pekupeku. Usisimame juu ya mkeka, unateleza. Fanya alfajiri dirisha likiwa wazi, maana mchana chini ya bati hapa Mwanza utaishiwa nguvu kabla hujapata joto la mazoezi. Kutoruka kutawasaidia na wapangaji wenzako. Video ipakue usiku kama bando lako la usiku ni nafuu, usitazame moja kwa moja kila siku.

Tuje kwenye sahani, ambako uzito wenyewe unatokea. Mtu wa kilo 70 hivi akipiga ngumi na mateke nusu saa bila kulegea anatumia kama kalori 350. Soda ya nusu lita ina karibu 200. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kama 120, na sato wa kukaanga hajui kunywa kijiko kimoja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini wapo wanaotoka jasho miezi mingi na nguo hazilegei.

Mimi nilibadilisha vichache. Sato na sangara nikawapika wa mchuzi au wa kuchoma. Dagaa nikawaongeza, maana wanashibisha na soko la samaki la Mwaloni wanapatikana kwa bei ya kueleweka. Ugali, hasa wa muhogo, nikaupunguza nusu na mboga za majani zikachukua nafasi. Chai ya maziwa nikawa naitia sukari kidogo sana. Maandazi ya asubuhi ndiyo yalikuwa magumu kuyaaga, sikufichi.

Wewe unayenyonyesha usijinyime kama nilivyofanya mimi. Kunyonyesha kwenyewe kunakula kalori kama 500 kwa siku. Ondoa soda na vya kukaanga, kula samaki, maharage na mboga ushibe, kunywa maji. Ukilenga nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa, na wiki nyingine mzani hautasogea. Usiuamini mzani peke yake, chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 88 hatari ya kisukari na presha inapanda sana, na kipimo hicho ndicho kilichonisukuma mimi kuliko kioo.

Ratiba: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za mazoezi makali. Usipige ngumi kila siku. Siku za katikati tembea, na sisi Mwanza tuna milima: panda njia za mawe za Isamilo au Bugando taratibu, mtoto akiwa mgongoni ni mzigo tosha. Mapaja yatakayotoka huko ndiyo yatakayobeba mateke.

Na usilipie programu yoyote kwa sasa. Za bure zinatosha mwanzo. Nesi akishakukagua rudi hapa useme alichokuambia na video uliyoichagua, nikuelekeze mapigo ya kuyaacha kwanza na ya kuanza nayo.